Mihogo yetu yaamuliwa Waiyaki Way: kwa nini napinga GMO na dawa zake

Kila ninaporudi Pwani kutoka Nairobi, swali huwa ni moja. "Wewe ukaaye karibu na serikali, hebu tuambie: haya mahindi ya GMO yaleta saratani au hayaleti?" Nimeulizwa barazani baada ya swala ya alasiri, nimeulizwa matangani, na mwisho wa mwaka wa 2022 niliulizwa hata na muuza madafu kabla hajanikatia dafu lenyewe. Nami nimekuwa nikijibu nusunusu, kwa sababu jibu la kweli halimfurahishi mtu yeyote: ushahidi kwamba kula mahindi hayo kwaleta saratani ni dhaifu sana, na bado mimi nayapinga.

Leo nataka kueleza kwa nini. Sisi tunaopinga tumeishikilia hoja moja nyepesi, ile ya saratani, tukaziacha zile nzito zikilala. Na jambo hili si la wakulima wa bara peke yao. Mojawapo ya mimea mitatu iliyopitishwa Kenya ni muhogo, nao ulijaribiwa hapo Mtwapa.

Lakini Mtwapa si mahali pa kuamua. Ukitaka kujua yanakoamuliwa, panda matatu ya Kangemi au Uthiru kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Nyuma yako unaacha Kilimo House, iliko Wizara ya Kilimo, na mahakama za Milimani, ambako kesi zimesikizwa. Unapita Westlands, unaingia Waiyaki Way. Mkono wa kulia, Loresho, ndiko yaliko makao makuu ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Loresho hiyohiyo ndiko iliko bodi inayosajili dawa za kuua wadudu na magugu, PCPB. Ukipita soko la Kangemi unafika Kabete, kwenye maabara za KALRO na kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Uthiru, iliko taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, na maabara zake za kibayoteknolojia. KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, wako Karen, upande huohuo wa magharibi mwa jiji. Mwenye gari na bahati ya barabara tupu aweza kuzizunguka ofisi hizo zote kati ya staftahi na chakula cha mchana. Mkulima wa Ganze au wa Lungalunga aweza kumaliza umri wake asiione hata moja.

Sasa tuelewane maneno. Magazeti hupenda kuandika "mbegu zilizoboreshwa kijenetiki". Neno "kuboreshwa" limeshatoa hukumu kabla kesi haijaanza, kwa hivyo mimi nasema zilizobadilishwa jeni, au GMO kama kila mtu. Duniani ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza mmea hutiwa jeni ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ukajitengenezea wenyewe sumu ya kuua viwavi. Hizo ndizo zinazoitwa Bt. Namna ya pili mmea hupewa uwezo wa kustahimili dawa ya magugu, ili mkulima anyunyize shamba zima, kwekwe zife, zao libaki limesimama. Siku hizi mbegu nyingi za Marekani hubeba zote mbili kwa pamoja.

Kenya imepitisha pamba ya Bt, Desemba 2019. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia, NBA, ikaupitisha muhogo unaokinza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Oktoba 3, 2022, Baraza la Mawaziri chini ya Rais William Ruto likaondoa marufuku ya miaka kumi, likaruhusu mahindi meupe ya GMO kupandwa na kuingizwa nchini. Niseme kwa haki, kwa kuwa wenzangu wengi hawalisemi: hakuna hata mmoja kati ya mimea hii mitatu uliotengenezwa kustahimili dawa ya magugu. Anayekwambia mahindi ya KALRO yanakuja na Roundup yake mkononi anakudanganya. Kwa nini basi nizungumzie dawa? Nitafika huko.

Marufuku ya 2012 ilizaliwa na panya. Septemba mwaka huo mtafiti Mfaransa, Gilles-Éric Séralini, alichapisha makala kuhusu panya waliolishwa mahindi ya GMO na maji yenye Roundup, na picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikazunguka dunia nzima. Novemba Baraza la Mawaziri la Rais Kibaki likapiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Shida ni kwamba panya wale walikuwa wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi ikizeeka hata ikila chakula cha kawaida, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu. Jarida likaiondoa makala hiyo Novemba 2013. Mwaka uliofuata ilichapishwa tena katika jarida jingine, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Sisi tukaendelea kusimama juu ya panya wale miaka kumi.

Matokeo tuliyaona kortini. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakama ya mazingira na ardhi, na Oktoba 2023 Jaji Oscar Angote akaitupa kesi: hakuonyeshwa ushahidi wa madhara. Wakili Paul Mwangi na chama cha wakulima wadogo, Kenyan Peasants League, walikuwa wamepata amri ya kusimamisha mambo tangu Novemba 2022. Novemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi naye akaamua dhidi yao. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uingizaji na upandaji hadi rufaa isikizwe. Kwa hivyo mlango umefunguliwa na kufungwa, kisha ukafunguliwa na kufungwa tena, na Oktoba 2023 jaji aliuliza "ushahidi uko wapi?" na upande wetu haukuwa na la kutosha.

Tuziache hoja za tumboni. Tuende kwenye dawa.

Dawa kuu ya magugu duniani ni glaifoseti. Kampuni ya Monsanto ilianza kuiuza mwaka wa 1974 kwa jina la Roundup, na mwaka wa 1996 ikaleta soya iliyotengenezwa kuistahimili. Yenyewe hufanya kazi kwa kuziba kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji kujijenga. Wanyama na binadamu hatuna kimeng'enya hicho, na hapo ndipo lilipotoka lile neno la wauzaji kwamba dawa ni salama kabisa. Lakini Machi 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Wakaguzi wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya hawakukubali, na Ulaya iliiongezea kibali cha miaka kumi mwaka wa 2023. Upande wa pili, Agosti 2018 baraza la wazee wa mahakama San Francisco lilimpa mtunza viwanja wa shule, Dewayne Johnson, fidia ya dola milioni 289, ambayo baadaye ilishushwa hadi milioni 20.5. Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka huohuo wa 2018, ilitangaza mwaka wa 2020 kutenga zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa.

Nani wa kumwamini? Mwishoni mwa 2025 jarida moja la kisayansi liliiondoa makala ya mwaka wa 2000 iliyokuwa ikitajwa miaka mingi kama ushahidi kwamba glaifoseti ni salama, kwa kuwa ilibainika wafanyakazi wa Monsanto walishiriki kuiandika bila majina yao kutajwa. Basi kila upande una makala yake iliyoondolewa. Tofauti ni kwamba ya Mfaransa iliishi mwaka mmoja na hii nyingine iliishi miaka 25.

Angalia pia kwamba wanaozungumziwa katika kesi hizi si walaji. Ni wanyunyiziaji. Mwaka jana niliingia duka moja la pembejeo karibu na River Road, katikati ya Nairobi, nikasema nataka dawa ya kwekwe ya robo ekari. Kijana wa dukani alikuwa mwepesi na mwenye adabu. Alinipa chupa, akanieleza nichanganye na maji kiasi gani, akaniambia nisubiri siku kadhaa ndipo nipande. Hakuniuliza kama nina glavu wala barakoa, wala hakuniambia nifanyeje na chupa ikiisha. Sote twajua chupa hufanywa nini ikiisha: husuuzwa, ikatiwa mafuta ya taa au maji ya kunywa. Maandishi ya chupa yalikuwa madogo, ya Kiingereza. Sikuinunua, ila waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walinunua.

Kwa hivyo dawa hii haikungoja GMO. Imo nchini tayari, na kazi ya kuichunga ni ya ofisi ile ya Loresho. Mwaka wa 2019 mbunge Gladys Shollei alipeleka ombi bungeni dawa hatari ziondolewe sokoni, na mengine tangu hapo yamekwenda kwa mwendo wa kobe. Hoja yangu ni hii: nchi ambayo haijaweza kumfanya muuza duka ataje glavu haiko tayari kwa mbegu ambazo faida yake yote ni kunyunyiza zaidi. Na mlango ukishakuwa wazi kwa Bt, mbegu inayofuata kugonga ni ile ya kustahimili dawa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotawala mashamba ya GMO duniani.

Ikifika Pwani itafanya nini? Tazama shamba la kawaida la Kilifi au Kwale. Mahindi hayako peke yake. Chini yake kuna kunde, pembeni mbaazi, maboga yametambaa katikati. Na baina ya hayo hujiotea mchunga, mnavu na mchicha, ambavyo mama huchuma jioni akaenda kuvipika kwa nazi. Mahindi ya kustahimili dawa hunyunyiziwa shamba zima. Mahindi yatasimama, na kunde na mchunga vitakufa vyote kwa siku moja, kwa kuwa kwa dawa kila kisicho mahindi ni kwekwe. Shamba litakuwa safi, na mtu wa takwimu kutoka mjini ataandika kwamba mavuno ya mahindi yameongezeka. Mboga zilizopotea hakuna mahali pa kuziandika, kwani hazikuwahi kuhesabiwa.

Kuhusu mchicha kuna kisa ambacho nakipenda, ingawa kwa wenyewe ni msiba. Marekani walipozoea kunyunyiza glaifoseti kila msimu, kwekwe zikazoea pia. Iliyowatesa zaidi, hasa kwenye pamba ya kusini, ni Amaranthus palmeri, ndugu wa damu wa mchicha wetu. Dawa haiuui tena. Hurefuka kupita mtu na mmea mmoja hutoa mbegu laki kadhaa. Dawa ya kampuni ilikuwa nini? Mbegu mpya zinazostahimili dawa nyingine iliyo ya zamani zaidi, dikamba, ambayo hupeperuka hadi kwa jirani ikamharibia mazao. Wakulima wameshtakiana kwa ajili ya upepo. Mama wa soko la Kangemi, anayefunga mchicha wake wa terere kwa uzi na kuuza kwa bei ya chai, angewacheka.

Hivyohivyo kwa wadudu. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt mwaka wa 1998. Kufikia 2007 ilikuwa imeripotiwa kwamba kipekecha bua kimoja, Busseola fusca, kimeizoea sumu. Kanuni ilikuwa kila mkulima aache sehemu ya shamba apande mahindi ya kawaida, ili wadudu wasiozoea waendelee kuzaana na kuchelewesha usugu. Wakulima wakubwa wenye matrekta hawakuitii ipasavyo. Leo twategemea mwenye nusu ekari Kaloleni aigawe nusu ekari yake, sehemu moja iwe ya watoto wake na nyingine ya kulishia viwavi!

Wala si kweli kwamba pasipo GMO hatuna la kufanya. Kipekecha bua kinachotusumbua zaidi Pwani ni kingine, Chilo partellus, mgeni kutoka Asia. Mwaka wa 1993 wataalamu wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Kasarani, walimleta adui wake wa huko kwao, nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, wakamwachilia huku kwetu Pwani. Nyigu akazoea mazingira, akaendelea kuzaana, na viwavi vikapungua. Hakuna aliyemnunua nyigu yule kwa kilo. Icipe hiyohiyo ilikuja na mbinu ya vuta-sukuma: desmodiamu katikati ya mahindi kuwafukuza wadudu na kuzuia kiduha, na majani ya nepia pembeni kuwavuta watoke. Yadai kazi, yadai mtu aelekezwe shambani kwake, na hayo ndiyo hasa hayana wa kuyatangaza kwenye televisheni, kwa kuwa hayana mfuko wa mbegu wa kuuza.

Sasa muhogo, ambao ndio ulionifanya niandike.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni msiba wa kweli. Majani yaweza kuonekana mazima, ukauchimba muhogo kwa furaha, ukaukata, ukakuta ndani madoa ya kahawia kama kutu, umeoza. Huenezwa na inzi weupe na kwa vijiti vyenye ugonjwa tunavyopeana. Aina ipendwayo zaidi mezani, Kibandameno, hushikwa upesi. Muhogo wa GMO ulitiwa vipande vya jeni za virusi vyenyewe ili mmea uvitambue na kuvizima, na majaribio yakafanywa Mtwapa, Kandara na Alupe. Taasisi ya Donald Danforth ya Marekani, iliyoshirikiana na KALRO, imesema haitadai malipo ya hataza kwa mkulima. Wanasayansi niliowasikiliza Kabete wakiuzungumzia si walaghai. Ni watu wanaotaka muhogo usioze.

Lakini kuna habari ambayo haisemwi kwenye semina. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, juu ya Tanga. Yeye, na baada yake Nichols na Jennings, waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira wa Ceará, jamaa yake kutoka Brazili, kisha wakarudisha uzao kwa muhogo tena na tena hadi miaka ya 1950. Hakukuwa na maabara ya jeni. Ilikuwa chavua, jembe na subira. Mmoja wa uzao huo ulipewa namba 46106/27. Wakoloni walifunga daftari zao wakaenda, lakini vijiti vilikuwa vimeshatoka shambani, mkono kwa mkono, mpaka ukavuka mpaka na kupata majina ya wenyeji. Kusini mwa Tanzania waitwa Namikonga. Kwetu Pwani ya Kenya waitwa Kaleso. Mpaka leo ni miongoni mwa mihogo inayokinza michirizi ya kahawia kuliko yote Afrika Mashariki, na wazalishaji wa kisasa huurudia wakitafuta ukinzani.

Nani aliutunza Kaleso miaka sabini? Hakuna hataza wala kampuni. Ni bibi aliyemkatia jirani vijiti mvua ya masika ilipokaribia. KALRO Mtwapa nao wametoa aina nzuri kwa njia ya kawaida, kina Tajirika, Shibe, Karembo na Nzalauka, na ukitembea vijijini utakuta wengi hawajawahi kuviona vijiti vyake kwa kuwa hakuna wa kuvisambaza. Kama fedha zipo za kutoa muhogo mpya kutoka maabara ya Missouri, sielewi zilikosekana vipi za lori la kubeba Shibe kutoka Mtwapa hadi Bamba.

Na hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya mbegu, Sura ya 326, ilifanya kuuza mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mwaka wa 2022 wakulima 15 walikwenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavifuta vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kupeana mbegu zao. Katiba yenyewe, kifungu cha 11, yalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa jamii juu ya mbegu za asili. Kwa hiyo mtu aliyeniambia "hataza ya muhogo ni bure, waogopa nini?" nilimjibu kwamba Kaleso haukuwa bure kwa hisani ya mtu. Ulikuwa wetu. Cha bure kwa barua ya mwenyewe, barua nyingine yaweza kukibadilisha.

Pamba nayo niiguse kwa ajili ya watu wa Lamu, Hindi na Mpeketoni. Burkina Faso walianza pamba ya Bt ya Monsanto mwaka wa 2008. Wadudu walikufa kweli. Lakini nyuzi zilikuja fupi, sifa ya pamba yao sokoni ikashuka, na 2016 wakaiacha. Mbegu za Kenya ni mahuluti kutoka India, si zile za Burkina Faso, na mahuluti lazima uyanunue upya kila msimu. Msimu ambao mbegu zimechelewa kufika, huna za akiba nyumbani.

Kisha kuna haki ya kujua. Kanuni za 2012 zataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe. Ni kanuni nzuri kwa pakiti ya supamaketi ya Westlands. Lakini nenda Marikiti, na hapa nasema ile ya Nairobi, karibu na Haile Selassie Avenue, maana nao wanayo Marikiti yao, umuulize mwenye gunia mahindi yake ni ya namna gani. Atakujibu ni ya Kitale, au ni ya Tanzania, au atakuuliza wanunua au hununui. Gunia halina lebo. Kinu cha kusaga hakina lebo, wala sahani ya sima. Mtu wa kipato cha chini ndiye atakayekula bila kujua, na mwenye pesa atachagua. Mjadala wenyewe ulipopamba moto Novemba 2022, Moses Kuria, aliyekuwa Waziri wa Biashara, alisema kwamba nchini humu vitu viwezavyo kumuua mtu tayari ni vingi, hakuona ubaya GMO ikiongezwa hapo. Alidai baadaye ameeleweka vibaya. Mimi nilimwelewa.

Na sisi wa Pwani tuna mpaka. Tanzania ilisimamisha majaribio yake ya GMO Januari 2021, na Kenya ilipofungua mlango, Waziri Hussein Bashe alisema watakaza ukaguzi mipakani. Uganda, bunge lilipitisha mswada mara mbili na Rais Museveni akakataa kuutia saini. Mexico, nchi mahindi yalikozaliwa, imeandika katika katiba yake Machi 2025 kwamba mahindi ya GMO hayatapandwa. Mfanyabiashara wa Lungalunga apitishaye unga na nafaka Horohoro atalipaje mashaka ya gunia lake? Sijaona ofisi hata moja ya Waiyaki Way iliyokaa na wafanyabiashara hao kuwauliza.

Najua watakaonijibu. Watasema 2022 mvua zilikosa misimu mitano, zaidi ya watu milioni 4 wakahitaji chakula, nami nakaa Nairobi nikila githeri na kuandika. Ni kweli. Lakini mahindi ya Bt huua viwavi, hayaleti mvua. Watu wa Magarini na Ganze waliolala njaa mwaka ule hawakulala njaa kwa sababu ya viwavi.

Kwa anayetaka kufanya kitu: maombi ya kutoa mimea hii hutangazwa magazetini na NBA, na umma huombwa maoni. Maoni hayo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Wawakilishi wa wadi katika kaunti zetu waweza kuulizwa ni vijiti vingapi vya mihogo safi vimenunuliwa kwa bajeti ya kilimo ya mwaka huu, na vimekwenda wapi. Na aliye na Kaleso shambani, hasa upande wa Kwale na Kilifi, namsihi asiung'oe wote. Ukikata vijiti, chagua shina lisilo na michirizi, mpe jirani, umwambie na jina lake.